Stelingi anayetisha: kwanini Batman wa Arkham Asylum bado hajapata mpinzani

Mtaani kwetu kulikua na sheria moja ya muvi ambayo kila mtoto aliijua bila kufundishwa na mtu, stelingi hafi. Mpige risasi, mtupe toka ghorofani, mfunge kamba umrushie mamba, dakika kumi za mwisho atarudi na shati limechanika na adui mkubwa atakiona cha moto. Tulikua tunajua kabisa atarudi, tulichokua tunalipia kiingilio ni kuona atarudije.

Sa ichukue sheria hiyo uihamishie kwenye gemu ya supahiro uone shida inapoanzia. Umeshika pedi, we ndo stelingi, una nguvu kuliko kila mtu kwenye skrini, ukifa unarudishwa hapo hapo ulipoishia, hofu itatoka wapi? Na hofu ikikosekana hata ushindi hauna ladha, unabonyeza vitufe tu mpaka watu waishe. Ndo maana gemu nyingi za mashujaa wa komiki miaka ile zilikua za kupita, muvi inatoka, gemu inafatia mbio mbio iuzwe pamoja nayo, unapiga watu mia tatu wenye sura moja, unamaliza, unasahau.

Alafu Agosti 2009 ikatoka Batman: Arkham Asylum. Haikua na muvi nyuma yake. Walioitengeneza ni Rocksteady, studio ya London ambayo kabla ya hapo ilikua imetoa gemu moja tu, Urban Chaos: Riot Response ya 2006, ile ya polisi wa kutuliza ghasia, na ukiniuliza mimi mwaka ule ningekwambia siwajui hata kwa jina. Leo miaka imepita mingi, zimetoka gemu za mashujaa zenye ramani kubwa mara kumi na grafiksi za kutisha, na mi bado naamini hakuna iliyomwelewa shujaa wake kama ile ilivyomwelewa Batman, na sababu ni moja tu, waliijenga gemu nzima juu ya hofu. Kila walipoendelea na hofu wakawa juu, kila walipoiacha wakakimbilia ukubwa wakayumba, na mwisho wake tumeuona wote.

Turudi kwenye komiki kidogo maana ndo chanzo. Batman alitokea mara ya kwanza 1939 kwenye Detective Comics namba 27, kazi ya Bob Kane na Bill Finger, na mwaka huo huo wakaeleza kwanini anavaa popo. Mtoto aliyeona wazazi wake wanauawa akakua, akawaza, wahalifu ni watu waoga na washirikina, basi nitakua kile kinachowatisha usiku. Hana damu ya sayari nyingine, hajang'atwa na buibui, ana hela na mazoezi na akili, ila silaha yake kubwa ni kwamba ukimwona gizani miguu inakulegea. Mtu yeyote aliyekulia sehemu ambayo watu wanaogopa kupita kwenye mbuyu saa sita usiku anaielewa hesabu hiyo bila kuelezwa mara mbili. Mbuyu haujawahi kumpiga mtu.

Sasa angalia Rocksteady walivyoichukua. Unaingia kwenye ukumbi, chini kuna majamaa sita saba wana bunduki, na Batman hazuii risasi, wakikuona wote wakakumiminia ni sekunde chache umekwisha, kwaiyo habari ya kushuka kichwakichwa isahau. Unapanda juu kwenye masanamu ya mawe yaliyochongwa kama mazimwi, unajikunja pale gizani, unawasha ile lenzi ya upelelezi inayokuonyesha mifupa yao kupitia ukuta, mwenye bunduki anakua mwekundu, asiye nayo anakua wa bluu, na ukimtazama mmoja mmoja gemu inakuandikia hali yake, katulia, ana wasiwasi, amepaniki.

Mwanzoni wote wametulia, wanapiga stori. Unamsubiri mmoja apite chini yako peke yake, unashuka kichwa chini miguu juu, unambeba, unamwacha ananing'inia. Wenzake wanakuja mbio, wanamkuta, wanaangalia juu, hamna mtu, we ulishahama sanamu tatu nyuma. Hapo ndo utamu unapoanza. Wanaanza kutembea wawili wawili migongo imeelekeana, mmoja anasikia kishindo anafyatua risasi ukutani, mwingine anaita majina ya wenzie ambao hawaitiki, na kwenye spika bosi wao Joker, adui mkubwa wa Batman, anawasimanga kwa kushindwa kumkamata mtu mmoja. Akibaki wa mwisho anazunguka zunguka kama kuku aliyepotea banda, kila hatua mbili anageuka nyuma, na we uko juu yake unamwangalia.

Nataka uone kilichofanyika hapo. Nguvu zako ni zile zile ulizoingia nazo, hujaongezewa hata sindano, ila chumba kizima kimegeuka cha kwako kwasababu wao wameishiwa ujasiri. Hiyo ndo komiki ya 1939 imegeuzwa kuwa kitufe na ramani, na hakuna mtu alikupa hotuba ya kukueleza Batman ni nani, umejua kwa mikono yako.

Na gemu ikishaona umezoea inakunyang'anya. Kuna mahali Joker anatega mabomu kwenye yale masanamu, ukirukia tu linalipuka. Kuna mahali watu wake wamevalishwa kola shingoni zinazopiga kelele mtu akianguka, kwaiyo ile raha ya kuwamaliza kimya kimya inaisha na inabidi ugeuze kelele ya kola iwe chambo. Nilipenda sana hapo, maana adui naye alikua anafikiri.

Ngumi nazo nizitaje maana watu wengi ndo wanachokumbuka. Kitufe kimoja cha kupiga, kimoja cha kupangua, cha tatu cha kumyumbisha mtu kwa joho, basi, anayetaka kukupiga anatokewa na alama ya miale juu ya kichwa, ukibonyeza kwa wakati unampangua na kumrudishia. Ukibonyeza ovyo kombo inakatika, ukituliza mikono ukasikiliza mdundo unapita katikati ya watu kumi kama mcheza ngoma anayejua ngoma yake. Mfumo ule umeigwa kila kona, Shadow of Mordor ya 2014 inao, Mad Max ya 2015 inao, hata Spider-Man wa studio ya Insomniac wa 2018 ukikaa nae vizuri unasikia harufu yake. Ila huyo Spider-Man nimpe haki yake, wale hawakumwiga Batman roho, walijiuliza raha ya Spider-Man iko wapi, wakajibu iko kwenye kubembea juu ya Manhattan, wakamwaga jasho pale, ndo maana ile gemu inapendeza. Kila shujaa ana kitu chake. Ukimfanya Batman abembee kwa furaha umempoteza, na ukimfanya Spider-Man awe jini la gizani umempoteza vile vile.

Haya, Scarecrow. Hapa ndo pakukaa.

Kwa asiyemjua, Scarecrow ni daktari anayetumia gesi ya kuziibua hofu za mtu za ndani. Kwenye Arkham Asylum anakukamata mara tatu. Ya kwanza unaingia mochwari, unasikia sauti zinanong'ona, unatoka mlangoni unajikuta umeingia mochwari ile ile, na sasa kuna mifuko mitatu ya maiti mezani. Unaifungua. Wa kwanza baba yake Bruce, ndo jina halisi la Batman, anaongea nae, wa pili mama yake, wa tatu anaruka Scarecrow mwenyewe. Ya pili unatembea kwenye korido, kuta zinabadilika kidogo kidogo, mvua inaanza kunyesha ndani ya nyumba, korido inakua uchochoro, na kila hatua unayopiga Batman anapungua mpaka anakua mtoto mdogo kwenye uchochoro walipouliwa wazazi wake. Unamtembeza huyo mtoto. Hakuna wa kupiga, hakuna pointi, unasukuma tu kijiti mbele na yeye anatembea.

Ya tatu ndo nataka kuielezea kwa urefu, na inabidi niseme niliichezea wapi.

Kibanda cha PS mtaani kwetu kilikua kinaishi kwa mpira. Watu wawili, mechi moja, aliyefungwa analipa ananyanyuka, mwingine anakaa. Gemu ya mtu mmoja kwenye biashara ile ni hasara, unakaa saa nzima peke yako na foleni imenuna nyuma yako, kwaiyo bro mwenye kibanda alikua ananiruhusu asubuhi tu, siku za katikati ya wiki, kukiwa hamna wateja. Nikawa naenda na Batman wangu taratibu, wiki ya pili wiki ya tatu, na kuna madogo wawili walikua wanakuja kusimama nyuma yangu kuangalia kama wanavyoangalia muvi.

Siku hiyo natembea kwenye korido, ghafla picha ikakwama. Skrini ikavurugika, sauti ikaanza kukatika katika, afu giza. Bro akaruka kwenye kiti chake, akajua mashine imekufa, akaniuliza kwa sauti kali nimebonyeza nini, na mi moyo ulinishuka mpaka kwenye kandambili kwasababu PS3 enzi zile kwa mtu kama yeye ilikua ndo duka, ndo ada ya watoto. Mara ikawaka, ikaanza upya toka mwanzo, ile sini ya kwanza kabisa ya Batman anaendesha gari lake usiku kumpeleka Joker Arkham akiwa amefungwa. Nikasema basi, kila nilichoseva kimekwenda. Tukaangalia vizuri. Anayeendesha gari ni Joker. Aliyefungwa ni Batman. Joker anamfikisha ndani, anatoa bastola, anampiga risasi ya uso, ikaja ile skrini ya kwamba umekufa na ushauri chini yake, tumia kijiti cha katikati kukwepa risasi za Joker.

Pedi haina kijiti cha katikati. Ina viwili. Dogo mmoja aliichukua mkononi mwangu akaigeuza juu chini kutafuta.

Nimeifikiria ile dakika miaka mingi na nadhani ndo kitu cha akili kuliko vyote nimeona kwenye gemu ya shujaa. Walijua kabisa mchezaji haogopi Batman kufa, stelingi hafi, akifa unarudi. Wakajiuliza mtu aliyeshika pedi anaogopa nini kweli? Anaogopa mashine kuharibika. Anaogopa masaa yake kupotea. Batman ana hofu yake ya kua kichaa kama wale anaowafunga, mchezaji ana hofu yake ya kuona kazi yake yote imefutika, na gesi ya Scarecrow ikawapata wote wawili kwa sekunde moja. Hapo nilikua Batman kweli, bila mtu kuniambia. Na ni kitu ambacho komiki haiwezi kukufanyia wala muvi haiwezi, inahitaji pedi mkononi.

Sehemu yenyewe nayo ilisaidia. Gemu nzima ni usiku mmoja kwenye kisiwa kimoja, hospitali ya wahalifu wenye matatizo ya akili ambayo kwenye komiki ilitajwa mara ya kwanza 1974 na mwandishi Dennis O'Neil. Unapita jengo la matibabu, unapita jumba la kale, unapita bustani za mimea, unarudi pale pale ulipopita mwanzo na sasa una jeli ya kulipua ukuta, una kamba ya kuvukia, mlango uliokushinda saa mbili zilizopita unafunguka. Kisiwa unakijua kama unavyojua uwanja wa nyumba yenu. Na kadri usiku unavyokwenda joho la Batman linachanika, ndevu zinachomoza, suti inatoboka, hakuna anayelitaja, we unaona tu jamaa anaishiwa. Shati la stelingi limechanika, ila safari hii lilichanika mbele yako kipande kwa kipande.

Wale jamaa walikipenda kisiwa chao kiasi kwamba walificha chumba kizima kwenye ofisi ya mkuu wa hospitali, ukuta usio na alama yoyote, mpaka uupake jeli ya mlipuko mara kadhaa ndo unavunjika, ndani kuna ramani ya mpango wa Arkham City, yani gemu ya pili imefichwa ndani ya ya kwanza. Hakuna mchezaji aliyekiona mpaka wenyewe waliposema, miezi imepita. Mi hapo nawavulia kofia.

Kuna kitu kimoja lakini kinanikwaza kila nikirudia na sitaki kukipita. Arkham ni hospitali, na wagonjwa kwenye gemu wengi ni mazimwi ya kukurukia na kukukaba, wamechorwa wamekonda, macho yamewatoka, wanapiga mayowe, kazi yao ni kukushtua tu. Komiki ndo zilianza na utamaduni huo na gemu ikaurithi. Kwetu jina la Mirembe ya Dodoma limegeuzwa tusi, mtoto akikosea kidogo anaambiwa utapelekwa Mirembe, na Kenya ni hivyo hivyo kwa Mathari, watu wanaumwa na wanapona huko lakini sisi tunawachukulia kama vitu vya kutishia. Nina ndugu aliyewahi kulazwa hospitali ya namna hiyo, na najua jinsi aliporudi watu walivyokua wanahama benchi. Gemu iliyoielewa hofu vizuri hivi ingeweza kuwapa wagonjwa wale hata dakika moja ya ubinadamu. Zile kaseti za mahojiano ya wagonjwa unazookota zinajaribu, mwandishi wake Paul Dini ni mtu wa kuandika vizuri, ila zinawahusu wahalifu wakubwa tu, Joker, mpenzi wake Harley, Croc. Yule asiye na jina anabaki zimwi.

Kosa la pili ni la mwisho wa gemu na hapo kila mtu anakubaliana. Joker anajidunga dawa ya Titan, ile iliyotokana na Venom, dawa ya misuli ya adui mwingine anayeitwa Bane, anavimba anakua jitu la misuli na unapigana nae kama unavyopigana na bosi yoyote wa gemu yoyote. Joker! Mtu ambaye kutisha kwake kote tangu 1940 ni kwamba ni mwembamba, hana nguvu, anacheka, na bado ana uwezo wa kukuharibia maisha. Masaa kumi yote alikutisha kwa sauti tu ya Mark Hamill kwenye spika, afu mwishoni wakampa misuli, na dakika ile ile hofu ikakata. Ukitaka ushahidi kwamba gemu hii inasimama kwa hofu, huo hapo, walipoiacha dakika kumi tu hata mashabiki wakubwa waliona.

Arkham City ikaja Oktoba 2011, kubwa, mtaa mzima wa Gotham, mji wa Batman, umezungushiwa ukuta ukafanywa jela. Wengi wanasema ndo bora kuliko zote na sigombani nao sana, kuruka na joho juu ya mapaa yale usiku wa theluji ni raha. Ila ukiniuliza kipande gani kinabaki kichwani ntakwambia pambano la Mr. Freeze. Kwasababu pale mwindwaji ni wewe. Yeye ana silaha ya barafu na mavazi ya chuma, ngumi hazimfanyi kitu, unajificha unamvizia, ukimpiga kwa mbinu moja anajifunza na mbinu hiyo haifanyi kazi tena, ukitokea juu ya sanamu anagandisha masanamu yote, ukitokea chini ya sakafu anaziba. Ndani ya chumba kimoja kidogo hofu ilirudi, ndani ya mji mzima ilikua imetawanyika kama chumvi kwenye ndoo. Mji una mamia ya vitendawili vya Riddler, adui mwenye ugonjwa wa mafumbo, kila kona kuna kitu kinawaka cha kuokota, na mtu anayeokota vitu hana muda wa kuogopa.

Kisha Arkham Knight ya Juni 2015, na hii inaniumiza kuiongelea kwasababu ndani yake kuna gemu mbili. Ya kwanza ni ya Scarecrow, amerudi, ametishia kuumwagia mji gesi, watu wote wamehama, Batman amevuta gesi na Joker aliyekufa kwenye gemu iliyopita anatokea ndani ya kichwa chake. Unageuka, amekaa juu ya ukuta anakucheka. Unafungua mlango, yuko nyuma yake. Mpaka mwisho kabisa kichwa cha Batman na cha Joker vinagombania mwili, na tunaambiwa Joker anaogopa nini, anaogopa kusahaulika. Kile kipande ni kizuri kama chochote walichokifanya 2009, unatembea gizani kama Joker, umeshika bunduki, na masanamu ya Batman yanakusogelea ukigeuka. Safari hii unaonjeshwa anachokiona yule jamaa wa mwisho kule ukumbini. Walikua bado wanajua!

Gemu ya pili ndani ya ile ni ya kifaru. Gari la Batman limewekewa bunduki, na masaa kwa masaa unapiga vifaru vingine barabarani. Na kwakua Batman haui, wakasema vifaru vyote havina watu ndani, ni droni. Kaa hapo ufikiri. Mtu ambaye silaha yake ni kutisha watu amepewa maadui ambao sio watu. Droni haitetemeki, haigeuki nyuma, haiiti wenzie. Huwezi kuwasha lenzi ukasoma kwamba droni imepaniki. Kwa mkono mmoja waliandika hadithi ya hofu kuliko zote na kwa mkono wa pili wakatoa hofu kwenye nusu ya mchezo. Na hata kule kwenye ngumi waliongeza kitu wanakiita pigo la hofu, unabonyeza, watu watatu mpaka watano wanalambishwa sakafu moja baada ya mwingine kabla hawajajua nini kimewapata. Linapendeza kulitazama. Ila 2009 hofu ulikua unaipanda kama mbegu, mtu mmoja, kishindo kimoja, unasubiri, hapa imekua kitufe, na hofu ya kitufe inaisha ukiachia kidole. Sitaji sana habari ya toleo la PC, ilitoka imeharibika kiasi kwamba Warner, kampuni inayoziuza gemu hizi, waliiondoa sokoni wiki hiyo hiyo na haikurudi mpaka Oktoba.

Baada ya hapo, ukiacha Batman: Arkham VR ile fupi ya 2016, kimya karibu miaka tisa, na tarehe 2 Februari 2024 Rocksteady wakatoa Suicide Squad: Kill the Justice League. Gemu ya watu wanne mtandaoni, unacheza kama wahalifu, Harley akiwa mmoja wao, kila mmoja na bunduki, unaua unaokota bunduki nzuri zaidi unaua tena, misimu, nguo za kununua. Kila kitu ambacho Arkham Asylum haikua. Cha kushangaza kuna dakika kadhaa mle ndani ambazo ni za zamani, wale wanne wanaingia kwenye jumba la maonyesho, taa zinazima, na Batman anaanza kuwakamata mmoja mmoja toka gizani. Ndo kipande kila mtu alichokisifia. Wakamkumbuka mtu wao kwa dakika chache, kisha mbele huko wakamkalisha kwenye benchi amefungwa, Harley akampiga risasi ya kichwa, stori ikaendelea na bunduki zake.

Sheria ya stelingi naijua inavunjika, sina shida na shujaa kufa, kifo kizuri kinamkuza. Shida ni kwamba Batman yule alikufa kama mtu wa kupita, na aliyemlea kwa miaka kumi na tano ndo huyo huyo aliyemuua hivyo. Wakuu wawili walioanzisha studio, Sefton Hill na Jamie Walker, walishaondoka mwisho wa 2022. Warner wakatangaza gemu imewaletea hasara ya dola milioni 200. Na Januari 2025 msimu wa mwisho ulipofungwa, wakatuonyesha kwa vichora vya haraka kwamba aliyeuawa pale kwenye benchi alikua nakala tu, Batman wa kweli yuko hai. Basi amerudi dakika ya mwisho na shati lake, kama zamani, ila viti vilishakua vitupu.

Kevin Conroy alifariki tarehe 10 Novemba 2022, kabla gemu hiyo haijatoka. Sauti ya Batman alianza kuifanya 1992 kwenye katuni, na ndo sauti yake iliyokua kwenye Asylum. Wiki ile ya msiba niliitafuta tena gemu, safari hii kwenye laptop, usiku, nyumba imelala. Mwanzo wake watu wengi wanauruka kwasababu hamna ngumi. Joker amefungwa kwenye kitoroli kasimama wima, walinzi wanamsukuma korido baada ya korido, anaongea muda wote, anatania, anatisha, na Batman anatembea nyuma yake. We unasukuma kijiti mbele tu. Conroy anaongea maneno machache sana pale, mazito, ya chini, na walinzi kila wakimpita wanakaa pembeni kidogo kumwachia njia, wale ambao wako upande wake. Nilivaa hedifoni nikatembea nae mpaka mlango wa mwisho, kisha nikaurudia tena toka mwanzo.